Mheshimiwa Ametoka, Magari Yake Yamebaki Ndani

Faith, Jumapili baada ya ibada uliniuliza swali nami nikakujibu vibaya. Chai ilikuwa inapoa, watu walikuwa wengi, na mimi nikiwa na hasira maneno yangu huwa mafupi. Uliniuliza mbele ya vijana wenzako wa hapa Komarock: "Shosh, hizi kanuni mpya za biashara za waheshimiwa ni za nini? Si mtu akishasema ana biashara anatoka nje, wenzake wanapiga kura? Hiyo si inatosha?"

Nikasema, "Haitoshi," nikabeba kikombe changu nikaenda kukaa na kina mama. Nyuma yangu nikasikia kijana mmoja akinong'ona, "Shosh ameshika moto, wachana naye," mkacheka.

Kweli nilikuwa nimeshika moto, ila si wewe uliyeuwasha. Swali lako ndilo lenyewe. Alhamisi mmeitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu kanuni hizo za kuwazuia waheshimiwa kuamua mambo yanayogusa biashara zao, na sitaki mwende na jibu la neno moja mlilopewa na bibi aliyenuna. Kwa hiyo nimeandika. Ni ndefu kidogo. Someni mkipokezana, na yule aliyesema nimeshika moto asome kwa sauti.

Ninyi mnanijua kama shosh wa nyumba ya kona anayepanda sukuma wiki kwenye magunia. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa kamati katika baraza, tangu enzi za madiwani mpaka walipoanza kuitwa wawakilishi wadi. Vyeo vilibadilika, viti vikabaki vile vile. Baraza lenyewe sitalitaja, wala majina ya wakubwa sitayatoa. Wengine wana wajukuu wazuri ambao hawana kosa.

Kazi ya karani wa kamati ni rahisi kueleza. Wajumbe wanaongea, wewe unaandika. Wakimaliza unayasafisha maandishi yako, na kikao kinachofuata unawasomea. Wakikubali kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa, mwenyekiti anatia sahihi. Kabla ya sahihi ile, maandishi yako ni karatasi tu. Baada ya sahihi, karatasi hiyo inaweza kubomoa kibanda cha mtu, au kumjengea mwingine ghorofa. Nilichelewa sana kuielewa tofauti hiyo, na wa kunielewesha alikuwa Bwana Mutisya.

Mutisya alikuwa karani mkuu nilipoajiriwa. Mkamba mwembamba, mtoto wa mchonga vinyago, shati limepigwa pasi mpaka limekakamaa kama kadibodi. Siku yangu ya kwanza nilimpelekea kurasa kumi na moja za kikao cha saa moja. Nilikuwa nimeandika kila kitu: nani alikohoa, nani alimkasirikia nani. Akasoma mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa heshima, kisha akasema, "Nekesa, hii ni barua ya mapenzi. Kumbukumbu ni kitu kingine. Andika nani alikuwepo, nini kiliamuliwa, na nani alitoka saa ngapi akarudi saa ngapi."

"Na kama alitoka kwenda msalani?"

"Andika alitoka. Msala utajitetea wenyewe."

Alinifundisha kukaa mahali ninapouona mlango. Alinifundisha kuandika saa kwa wino, hata kama mengine yote unayaandika kwa penseli. Na alinifundisha kusoma kumbukumbu za watu wengine kuanzia nyuma: tazama kwanza kilichoamuliwa, halafu rudi kwenye orodha ya waliohudhuria ujiulize nani kati yao atalala akiwa na furaha zaidi. Vijana, huo ujuzi hauna leseni. Kumbukumbu za kamati ni mali yenu. Ziombeni, mzisome hivyo hivyo.

Nyuma ya meza yangu kulikuwa na kabati la chuma, na ndani yake daftari la jalada jekundu. Tuliliita daftari la maslahi. Kila mheshimiwa alipochaguliwa alitakiwa kuandika humo kazi yake nyingine, biashara zake, mashamba yake na kampuni ambazo ana mkono ndani yake. Kanuni ilikuwa nzuri. Mmoja, fundi cherehani mzee, aliandika kwa uaminifu mpaka nikaona haya kwa niaba ya wenzake: cherehani mbili, moja mbovu, kuku kumi na wawili, jogoo mmoja mkorofi. Mwingine, mwenye majumba ya kupangisha ambayo hata mtoto wa chekechea angekuonyesha kwa kidole, alijaza hivi: "Mimi ni mtumishi wa Mungu na wa watu." Nilimrudishia daftari nikamwambia, "Mheshimiwa, hapa panatakiwa biashara." Akaniangalia kwa huruma akasema, "Madam, huoni hiyo ni kazi kubwa?"

Daftari hilo lilikuwa la wananchi, kwa mujibu wa kanuni. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kuomba kulisoma. Akaambiwa aandike barua. Akaandika. Akaambiwa barua haikutaja sababu. Akaandika nyingine yenye sababu. Akaambiwa sababu hiyo inachunguzwa. Mara ya mwisho aliniuliza kwa upole, "Binti yangu, kitabu ambacho hakisomwi na mtu kinaitwaje?" Mpaka leo nikikumbuka ninaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye kabati.

Sasa niwaeleze kuhusu sheria ya magari ya nyama.

Karibu na ofisi zetu kulikuwa na soko dogo lenye mabucha, na mwisho wa safu ya mabucha alikaa Mama Syombua. Aliuza matumbo, miguu na vichwa vya mbuzi. Kila alfajiri alikwenda machinjioni na sanduku la bati lenye mfuniko na kufuli, amelifunga nyuma ya pikipiki ya jirani yake. Lile sanduku aliliosha kwa maji ya moto kila jioni, na afisa wa afya alilikagua akaligonga muhuri mwaka baada ya mwaka. Mimi nilikuwa mteja wake wa supu. Alikuwa na ulimi. Ukimwambia supu ina chumvi nyingi, anakujibu, "Basi kanywe chai ya ofisini, haina chumvi wala sukari wala aibu." Kwa matumbo hayo alikuwa anasomesha watoto wanne peke yake.

Siku moja ikaletwa kwenye kamati yetu rasimu ya sheria ndogo. Ilisema kwamba nyama yote, pamoja na matumbo, itasafirishwa kwa magari yenye sanduku la baridi tu, na magari hayo yawe ya kampuni zilizosajiliwa na baraza. Sababu: usafi na afya ya wananchi. Nani angepinga usafi? Hata mimi nilipoichapa niliona ni jambo jema. Kampuni zilizosajiliwa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mtu wa mbali ambaye hakuwahi kuonekana. Ya pili ilikuwa ya shemeji wa mheshimiwa mmoja ambaye nitamwita Ndovu, kwa sababu ya mwili wake. Na kila mtu sokoni alijua kwamba shemeji huyo hakuwa na uwezo hata wa kununua baiskeli.

Kamati ilikuwa na wajumbe tisa. Akidi, yaani idadi ya chini kabisa ya kufanya uamuzi, ilikuwa watano. Siku hiyo walikuja watano kamili, Ndovu akiwa mmoja wao. Bwana Mutisya alikuwa likizo, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Mwenyekiti akauliza kama ilivyo desturi, "Kuna mjumbe mwenye maslahi katika jambo hili?"

Ndovu akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, shemeji yangu ana magari mawili matatu ya nyama. Mimi binafsi sina hata tairi. Lakini kwa ajili ya uwazi, nitatoka."

Wenzake wakapiga meza kwa furaha. "Mfano mwema huo!" Chumba kilikuwa na joto, alikuwa amevua koti akalitundika kwenye kiti. Akatoka, koti likabaki. Niliandika kwa wino: saa nne na dakika ishirini. Kutoka nje ya mlango nikamsikia akimwambia mama wa chai, "Niwekee mandazi mawili, sichelewi."

Nikainua mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tumebaki wanne. Akidi imevunjika."

"Wanne namna gani, Madam? Hesabu tena."

"Nimehesabu."

Mjumbe mmoja, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, akanyoosha kidole kwenye kiti cha Ndovu. Koti lilikuwa kubwa, limejaza kiti mabega kwa mabega. "Na huyu je? Si amekaa hapa?"

"Tena leo amenyamaza," mwingine akasema. "Hajawahi kuwa mjumbe mzuri hivi."

Wakacheka mpaka mwenyekiti akafuta macho. "Hesabu koti, Madam, tuendelee. Watu wana kazi zao."

Na kweli walikuwa na kazi zao. Mmoja alikuwa wakili, anatazama saa kwa sababu kesi ya mteja wake ilikuwa inaitwa mahakamani. Wa duka la ujenzi alikuwa na lori la saruji linashusha mzigo. Tulikuwa tumeketi kuamua riziki za watu kwenye dakika zilizobaki baina ya kazi zao halisi. Nilikuwa mgeni kazini, nina mtoto mchanga nyumbani, na nilitaka kupendwa. Nikaandika watano.

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote niliyofanya kazini, na kulisimulia mbele yenu sasa ni kama kulifanya mara ya pili.

Mutisya aliporudi alichukua rasimu yangu ya kumbukumbu, akanipeleka kula nyama choma katika soko la Burma, maana alikuwa na imani kwamba mtu hawezi kudanganya vizuri akiwa anatafuna mbavu. Akaweka karatasi kando ya ubao wa nyama, mbali na mafuta.

"Hapa kuna mjumbe hana jina," akasema. "Ndovu ametoka saa nne na dakika ishirini. Hujaandika amerudi. Halafu wamepiga kura watano. Nani wa tano?"

"Koti."

Akaacha kutafuna. "Koti la nani?"

"La Ndovu. Mwenyekiti alisema lihesabiwe."

Nilidhani atanifokea. Akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Na koti liliunga mkono au lilipinga?"

Nikaanza kucheka, kisha nikajikuta nalia, pale pale mbele ya kachumbari. Akanisogezea kipande cha ugali. Akasema, "Sikiliza. Haijatiwa sahihi. Bado ni karatasi. Andika walikuwa wanne, akidi haikutimia, hakuna uamuzi uliofanyika. Ndivyo ilivyokuwa au sivyo?"

"Ndivyo. Lakini wataniuliza."

"Watakuuliza, ndiyo. Wewe si wa kwanza kuulizwa. Kula."

Ndovu alikuja mwenyewe kwenye meza yangu kabla ya kikao. Alikuwa mpole. Aliketi, akauliza hali ya mtoto, akanikumbusha kwamba sote wawili tunatoka magharibi. "Dada yangu, mtu wa nyumbani hakosi kumfichia mwenzake kosa dogo la mkono. Andika tulikuwa watano, mambo yaende."

"Ulikuwa nje, Mheshimiwa."

"Nilikuwa mlangoni."

"Mlango hauna kura."

Akatabasamu, akasimama, akapapasa meza yangu kama mtu anayepima mbao. "Ofisi ya makaburi wanatafuta karani," akasema. "Ni mahali patulivu."

Na kweli baadaye nilipelekwa huko, nikakaa miaka miwili. Wateja wa makaburini hawana maslahi ya kutangaza, na mjumbe akishaingia hatoki. Lakini hayo tuyaache.

Siku ya kikao nilisoma: wajumbe wanne, akidi haikutimia, hakuna uamuzi. Mwenyekiti akavua miwani, akamtazama Mutisya aliyekuwa ameketi nyuma yangu amekunja mikono. Hakuna aliyethubutu kusema hadharani kwamba koti ni mtu. Sheria ya magari ya nyama ikaanguka.

Saa ya chakula cha mchana nilikwenda mbio kwa Mama Syombua. "Imeanguka!" nikamwambia kabla hata ya salamu. Alinijazia bakuli mpaka pembeni, akakataa nilipe. "Leo unakunywa ya ushindi," akasema. "Na ukisema ina chumvi nakunyang'anya." Faith, sijawahi kunywa supu tamu kama ile. Naomba ulikumbuke bakuli hilo, kwa sababu sikulistahili.

Mwezi uliofuata rasimu ile ile ikarudi. Hakuna neno lililobadilishwa. Safari hii walikuja wanane. Mwenyekiti akauliza kuhusu maslahi. Ndovu akasimama, akatangaza shemeji yake, akavaa koti lake, akatoka. Hakubaki mlangoni, alishuka ngazi mpaka chini, nikamwona dirishani akinunua gazeti. Nikaandika saa. Wakabaki saba, watu wenye miguu na majina. Wakapiga kura. Saba wakaunga mkono. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kuombea chakula.

Kila kitu kilikuwa halali. Alitangaza. Alitoka. Akidi ilitimia. Kura ilikuwa wazi. Nilipompa Mutisya kumbukumbu zile alizisoma kuanzia nyuma kama kawaida yake, akazirudisha mezani. "Safi," akasema. "Hakuna hata koma ya kusahihisha." Akafunika kalamu yake. "Na huo ndio ubaya wake, Nekesa. Lile koti tungeweza kulishtaki. Hii tutaishtaki kwa kosa gani?"

Sasa, Faith, umeona? Umeniuliza kama kutangaza na kutoka inatosha. Ndovu alitangaza, akatoka, na sheria ikapita.

Kwa nini saba wote waliunga mkono? Nilipata jibu kwenye ngazi siku hiyo hiyo. Nilikuwa nashuka na mafaili, Ndovu anapanda, mwenye duka la ujenzi anashuka. Wakapishana. "Nimekushika mkono leo," akasema wa ujenzi. "Jumanne usinisahau." Jumanne kamati nyingine ilikuwa inaamua baraza litanunua wapi mawe na saruji. Jumanne wa ujenzi alitangaza maslahi, akatoka, na Ndovu akabaki ndani. Wiki iliyofuata wakili alitoka, kwa sababu mteja wake alikuwa anataka kupewa kiwanja cha kuchezea watoto, na hao wawili wakabaki. Ilikuwa kama wasichana wanaosukana: leo nikae mbele yako, kesho ukae mbele yangu. Kila mmoja alikuwa msafi siku yake. Kila mmoja alitoka. Na hakuna aliyewahi kushindwa akiwa nje.

Mtu anatoka chumbani, ila urafiki wake unabaki, na hofu ya Jumanne inabaki, na magari yake yanabaki. Refa hawezi kuwa na timu uwanjani, hata akiahidi kufumba macho wakati wa penalti.

Kijana mmoja wenu aliniambia wiki iliyopita kwamba wakikatazwa biashara, siasa itabaki ya matajiri tu, maana maskini akishindwa uchaguzi hana pa kurudi. Ni hoja nzuri, na ninataka muielewe vizuri kabla ya Alhamisi kwa sababu mtaambiwa hivyo ukumbini. Mimi sina ugomvi na cherehani mbili za yule mzee, wala na jogoo wake. Mwalimu aliyechaguliwa akifundisha Jumamosi, sawa. Mwenye magari ya nyama awe nayo, ayaoshe, ayapende. Lakini asiketi kabisa kwenye kamati inayotunga sheria za magari ya nyama. Si aingie halafu atoke, asiingie kabisa. Na asiketi shemeji yake, wala mke, wala mtu anayelishwa na yeye, kwa sababu Ndovu hakuwa na hata tairi. Na daftari lile jekundu litolewe kabatini, liwekwe mahali ambapo mwalimu mstaafu anaweza kulisoma akiwa amesimama, bila barua. Na mwenye kazi nyingine inayomla siku nzima aseme kabla ya kuchaguliwa ni saa ngapi zitabaki za kutuwakilisha, tujue tunachagua mtu au tunachagua mabaki. Mkisahau mengine yote, shikeni hilo la kutoingia kabisa. Hilo ndilo watakalolipigania kuliko yote.

Na msikubali kuambiwa kwamba sheria ile ilikuwa nzuri hata hivyo, kwa sababu ilihusu usafi. Labda ingekuwa nzuri. Hatutajua kamwe, na hilo pia walituibia: walifanya hata jambo jema lisiweze kuaminika. Mimi nililiona mojawapo la magari hayo kwa macho yangu, limeegeshwa juani, milango ya nyuma wazi, dereva amelala ndani ya sanduku la baridi kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Baridi haikuwepo. Mashine yake ilikuwa imekufa zamani. Nyama ya soko zima ilikuwa inapita humo, ina muhuri, ni halali.

Wenye mabucha makubwa walikodi magari wakanung'unika wakazoea. Mama Syombua hakuweza hata kukodi. Alikwenda kuwaomba wambebee. Wakamwambia gari halisimami kwa ajili ya ndoo tatu za matumbo. Alete mzigo wa mbuzi ishirini au akae nyumbani. Akaendelea siku chache na sanduku lake. Asubuhi moja kanjo, askari wa baraza, wakamsubiri kwenye kona, wakashusha sanduku kutoka kwenye pikipiki, wakamwaga yaliyomo kwenye mtaro. Waliogopa kwamba si safi, kwa hiyo wakayamwaga mtaroni.

Nilipofika alikuwa anasugua meza yake. Haikuwa na kitu juu yake. Alisugua kama siku zote, kwa maji ya moto.

"Nekesa," akasema bila kuinua kichwa, "uliniambia imeanguka."

"Imeinuliwa tena, Mama."

"Walipokuwa wanaiinua, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani."

"Ukasema nini?"

Nikamweleza. Mnanijua, mimi hupenda kueleza. Nikamwambia kwamba karani haruhusiwi kusema kwenye kikao, isipokuwa kuhusu utaratibu, na siku hiyo utaratibu ulikuwa sawa. Kwamba mjumbe alitoka kama inavyotakiwa. Kwamba akidi ilitimia. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, yeye mwenye ulimi ule. Akakamua kitambaa.

"Kumbe mle ndani mlikuwa wengi hivyo," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu."

Alirudi kwao Machakos kabla ya mwaka kuisha. Wawili kati ya wale watoto waliacha shule. Sikupata kumwona tena. Hakufanya kosa lolote, Faith, na hakuna anayeweza kunyooshewa kidole kwamba alimkosea. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kikombe changu Jumapili nikaondoka.

Alhamisi nitakuja nanyi. Kanuni iliyonifunga mdomo ilikuwa ya karani, na mimi nimestaafu. Niandikie jina kwenye orodha ya wasemaji, niweke wa kwanza. Nitavaa viatu vya kusimama. Mwenyekiti akiniuliza ninamwakilisha nani, nitamtaja Mama Syombua, muuza matumbo, polepole, na nitanyamaza hapo nikisubiri mpaka nione karani amemaliza kuliandika jina hilo.